Ukweli wa lile geti la Kitangiri

Kwa kuwa mshikaji wangu mmoja wa Igogo ameshaitupia status, na kwa kuwa kwenye hadithi yake mimi nilitoroka kwa kivuko cha Kamanga nikiwa na ndala mguu mmoja, acha niseme yalivyokuwa. Ndala nilikuwa nazo zote mbili. Na kivuko sikupanda.

Geti lenyewe mnalijua, nilishawachosha na picha zake: la mzee mmoja wa Kitangiri, hapa Mwanza, aliyekuwa anangoja washenga waje kuposa binti nyumbani kwake. La mbao, bawaba tatu ndefu, komeo, na mshikio wa nondo nilioukunja mwenyewe. Mzee hakutaka rangi. Alisema huku ziwani rangi inabanduka na kutu inaota chini yake kimyakimya. Alitaka chuma cheusi cha kizamani. Nikamwambia, mzee, hiyo kazi naijua.

Na naijua kweli, acheni kucheka. Chuma unakipiga msasa mpaka king'ae (chenye zinki usithubutu kukichoma, moshi wake unaleta homa), halafu unakilaza kwenye mkaa. Kinaanza manjano, kinaingia kahawia, zambarau, kisha bluu, na hapo uko kama nyuzi 300. Kikipita bluu kuelekea kijivu, unakizamisha kwenye mafuta. Kinatoka cheusi tii. Ule weusi peke yake hauzuii kutu sana; mlinzi ni mafuta yaliyoungua na kugandia juu yake. Ndiyo maana unarudia, na mwisho unakipasha tena mpaka moshi ukome na kisinate mkononi.

Kisinate mkononi. Shikeni hapo.

Oili chafu ilikuwa imeniishia, nikachukua mafuta yaliyokwisha kutumika kwa mama mmoja anayekaanga sato Mwaloni. Bawaba zilitoka safi, komeo safi. Mshikio ukabaki wa mwisho, mkaa nao ukawa unakata roho, na mzee anapiga simu: washenga wameshafika Pasiansi! Nikauzamisha hivyohivyo vuguvugu. Ukatoka mweusi. Kumbe ni masizi na mafuta mabichi tu. Nikaufunga getini.

Sasa hapa naenda taratibu, mwenye haraka aende akale.

Mzee katoka, kanzu nyeupe, koti juu. Akaushika mshikio kwa kiganja chote, akavuta. Bawaba hazikulia hata kidogo, nami nimesimama pembeni kifua mbele, nangoja sifa. Akauachia. Nikaona kiganja kinachelewa kuachana na chuma. Uwiii. Mwenyewe hajaangalia mkono, macho yako kwa wageni. Akamnyooshea mshenga mkuu: "Mwadila!" Wakashikana. Na wazee wetu mnawajua, mkono hauachiwi mpaka mvua, ng'ombe na watoto wote waulizwe hali. Mshenga akahamia kwa shangazi. Shangazi akampa baba mdogo. Weusi unatembea ile foleni kama umealikwa, mimi nataka kupiga kelele, sauti imegoma.

Jua la saa nane. Mshenga akapandisha mkono, akajifuta jasho kutoka nyusi hii mpaka nyusi ile.

Dirishani nikasikia binti anayeposwa anakohoa. Hakuwa anakohoa.

Mshenga, paji lote limepakwa na hana habari, akaingiza mkono kifuani akatoa bahasha ya posa, nyeupe pee, akaikabidhi kwa mikono miwili kwa heshima zote. Dole gumba kushoto, dole gumba kulia. Mzee akaitazama bahasha. Akatazama kiganja chake. Akageuka kutazama mshikio, ambao muda huo paka wawili walikuwa wameshausimamia kwa miguu ya nyuma wanaulamba. Kisha akanitazama mimi.

"Fundi. Hii ni rangi gani inayonuka sato?"

"Shikamoo mzee," nikajibu.

Ndilo lililonitoka! Tulishaamkiana asubuhi.

Yaliyobaki mafupi. Petroli, sabuni ya unga, ndoo za maji, shangazi akinisema kwa Kisukuma ambacho bora sikukielewa chote. Babu mmoja akaokoa shughuli: barua imeshatiwa dole pande zote, mnangoja nini? Posa ikapokelewa. Usiku nikaung'oa mshikio, nikauchoma upya kwa mkaa wa maana, nikaumalizia kwa nta. Haunati, na paka wamekata tamaa. Mzee kanilipa, kasoro hela ya kanzu, na kanzu zilikuwa nyingi.

Na wewe uliyeigeuza sura ya mshenga kuwa stika, lile kundi lenu mwanae naye yumo.