Gari langu halitembei sana, ila matairi yanazeeka

Nina Toyota IST. Asubuhi inatoka Buhongwa kwenda mjini Mwanza, jioni inarudi, na nikisikia foleni ya Mkuyuni imekolea naiacha nyumbani napanda hiace. Jumapili ni kanisani. Desemba tunaenda Lamadi kwa mama. Kwa maisha hayo ya kivivu nilikuwa najisifu kuwa gari langu halijachoka, na kila fundi aliyepitisha kidole gumba kwenye kashata za tairi, yale matuta yanayoshika barabara, alizidi kunipa kichwa: "Mama, hapa bado una safari nyingi."

Safari hiyo ya Desemba tulikuwa tumeshaipita Nyanguge, tunaitafuta Magu, tairi la nyuma kushoto likaanza kulia kama mtu anayegonga debe kwa ubao. Mume wangu akasema ni jiwe limenasa. Kabla sijamjibu mlio ukageuka kishindo, gari likayumba, watoto wakapiga kelele. Tuliposimama na kushuka nilitegemea kukuta msumari. Hapakuwa na msumari. Ngozi ya juu ya tairi, ile yenye kashata, ilikuwa imebanduka kama ganda la ndizi. Kipande kimelala barabarani nyuma yetu, kingine kimelichapa madigadi mpaka likachanika. Na kashata zilikuwa nzuri. Nilikiokota kile kipande nikakitazama kama mjinga: kashata zilikuwa nzuri kabisa.

Tukafunga spea, tukajikokota hadi kwa fundi wa pancha pale Magu, mzee mtaratibu ambaye hakuwa na haraka na shida yetu.

"Mama, tairi hili mlilinunua lini?"

"Mwaka juzi, mzee."

"Hiyo ni siku lilipokuja kwenu. Nauliza lilizaliwa lini."

Akamwagia maji ubavuni, akasugua kwa kitambaa, akaniambia nichutame. Kuna herufi DOT, zinafuatwa na herufi na tarakimu zisizokuhusu wewe wala mimi, halafu mwisho kabisa, ndani ya kifremu kidogo, tarakimu nne: 1112. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 11 ya mwaka 2012. Nilikuwa nimeuziwa mtumba, tena kwa maneno matamu, "ya Mjapani hii, original", na mimi nikalipa nikiangalia kashata.

Kisha mzee akasogea kwenye spea tuliyoifunga. Akasugua. 3504.

Agosti 2004, mwishoni. Tairi hilo lilikuja na gari kutoka Japani, halikuwahi kugusa lami hata siku moja kabla ya hiyo, bado lilikuwa na vile vinyweleo vya mpira vya tairi jipya. Mpwa wangu aliyezaliwa mwaka huo sasa hivi ana mtoto. Na hilo ndilo tulilokuwa tunalitegemea litufikishe kwa bibi.

Sasa nisikilizwe vizuri, kwa sababu nikiongea haya watu hudhani nawasema madereva wa hiace. Siwasemi. Hiace ya Kisesa inatembea kutwa. Dereva wake akifunga tairi jipya, kashata zinaisha muda mrefu kabla ya mpira kuzeeka, na kipara kinaonekana hata na mtoto. Hatari ya umri iko kwetu sisi wenye magari ya kupumzika. Walimu, watumishi, wafanyabiashara wenye gari la pili, na wale wa Dar walioacha Prado kijijini inawasubiri Krismasi.

Tairi linazeeka likiwa limekaa. Oksijeni hupenya ndani ya mpira taratibu, mpira unakuwa mgumu, na mshikamano wake na mikanda ya waya iliyo chini ya kashata unalegea. Joto linaharakisha yote hayo, na jua la huku, na mawe yetu haya yanayolirudisha jua hata jioni, mnalijua. Watengenezaji huchanganya nta ndani ya mpira, nayo hujitokeza juu kadiri tairi linavyozunguka na kukunjamana barabarani, ikaukinga uso wake usipasuke. Tairi lisilotembea halipati mafuta hayo vizuri. Linakuwa kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Ndiyo zile nyufa nyembamba unazoziona ubavuni, ambazo muuzaji akizipaka dawa nyeusi zinang'aa mpaka unatamani kujitazama.

Ila nyufa zisikupumbaze kwa upande wa pili pia. Tairi linaweza kuwa limeoza ndani na nje likawa safi. Ndiyo maana kitabu cha Toyota kinasema tairi lililozidi miaka 6 likaguliwe na fundi anayejua kazi hata kama halijatumika sana na halina dosari inayoonekana, na Michelin wanataka tairi litolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, spea ikiwemo. Uingereza walijifunza kwa msiba: Septemba 2012 basi lililobeba vijana kutoka kwenye tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele, watu 3 wakafa. Tairi lilikuwa na miaka 19, lilikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya abiria, na halikuvunja sheria yoyote. Tangu Februari 2021 tairi lililozidi miaka 10 haliruhusiwi kwenye ekseli ya mbele ya basi wala lori kule. Miaka minane na zaidi ilipita katikati!

Huku kwetu nikisimamishwa njiani naulizwa pembetatu, naulizwa mtungi wa kuzimia moto, na mtungi unageuzwa kuangaliwa tarehe. Nimefurahi, uangaliwe. Lakini sijawahi kuona mtu akichutama kwenye tairi langu, ambalo ndilo linalogusana na barabara.

Najua jibu: hela. Seti ya matairi mapya ni mshahara wa mtu. Nakubali, na ndiyo maana nilinunua mtumba. Msimamo wangu siku hizi ni huu, na nimeshabishana nao na shemeji yangu mpaka chai ikapoa: afadhali tairi jipya la Mchina lisilo na jina, lililotengenezwa mwaka jana, kuliko la Mjapani mwenye jina kubwa lililotengenezwa wakati Kikwete yuko Ikulu. Yeye anasema la Mjapani lina mpira mzuri. Lilikuwa nao.

Na hata "jipya" la dukani lisomwe. Tarakimu za wiki na mwaka mara nyingi ziko upande mmoja tu, na tairi likishafungwa upande huo unaweza kuwa ndani, ukalazimika kukata usukani hadi mwisho au kulala chini na tochi ya simu. Kwa hiyo soma kabla halijafungwa kwenye rimu. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, hilo ni la kabla ya mwaka 2000, ondoka hapo.

Nilipokwenda kununua manne mapya mjini nilichutama dukani na kitenge changu, kijana wa duka akaniuliza nimedondosha nini. Nikamwambia nasoma. Mawili niliyakataa, akaenda stoo akarudi na mengine, amenuna kidogo.

Ile spea ya 2004 nilimpelekea fundi wa katambuga, zile ndala za matairi. Akaikataa: ina waya, itamharibia kisu. Sasa imefungwa kwa kamba ubavuni mwa mtumbwi wa binamu yangu Igombe, inazuia mbao zisigonge mawe, na vinyweleo vyake bado vipo.