Leseni ya kujifunzia eti mpaka ufaulu kwanza

Wiki hii kwenye grupu letu la watu wa sava dogo mmoja kauliza kistaarabu kabisa, shikamooni wakuu, vCenter ya majaribio (programu ya VMware ya kusimamia sava nyingi pamoja) imeniishia muda, nyie maabara zenu za nyumbani mnaziendeshaje? Mmoja kamcheka. Mwingine kamwambia anunue kama wenzake. Wa tatu, huyu ana vyeti vya kupamba ukuta mzima, kaandika neno moja tu: "Soma."

Asomee wapi sasa?

Broadcom walimaliza kuinunua VMware, wenye programu za kugawa sava moja iwe mashine nyingi za kidhahania (VM), Novemba 2023, Desemba tu wakaacha kuuza leseni za kudumu, sasa unalipia kwa msimu kama king'amuzi. Sawa, mali yao. Kwamba prosesa ya kori 8 unaitolea hela ya kori 16, hilo wahasibu wa maofisi ya Posta watapambana nalo.

Mimi kinachoniuma ni leseni za kujifunzia. Zamani unajiunga VMUG Advantage, uanachama wa kulipia wa watumiaji wa VMware, kwa kama dola 200 kwa mwaka, hela ya kuumiza ndio, ila unapata leseni za mwaka mzima unavuruga weee, unafuta, unaanza upya, hakuna wa kukuuliza. Mwishoni mwa 2024 wakageuza: leseni hupewi mpaka uwe na VCP, cheti cha VMware, na mtihani wenyewe ni dola 250. Yaani ili upewe uwanja wa mazoezi, leta kwanza kombe! Hata vExpert, watu ambao tangu 2009 wanapewa heshima hiyo kwa sababu wanakesha kuwafundisha wenzao bure, nao wakaambiwa mtihani kwanza. Umemtangazia tajiri bidhaa yake miaka na miaka bila mshahara, halafu anakuomba cheti mlangoni. Asante sana bosi.

Nikampigia yule dogo. Ana sava kuukuu ya Dell, kaiweka sebuleni kwa dada yake Sinza, inavuma kama inataka kupaa na LUKU inateketea, dada mtu keshaanza kununa. Siku 60 za majaribio zikiisha VM zilizowaka zinaendelea kuwaka, ila ukizizima haziwaki tena. Sasa niambieni, kwa mji huu, umeme unakaa bila kukatika mpaka lini? Ulikatika usiku, asubuhi hana kitu.

Najua mtasema ESXi ya bure, ile programu ya VMware inayoendesha VM kwenye sava, imerudi tangu Aprili 2025. Imerudi, haya, nakubali. Lakini haiungani na vCenter, kwa hiyo vMotion (kuhamisha VM ikiwa inawaka) hujifunzi, HA (sava ikifa VM zinawaka kwenye nyingine) hujifunzi, na kwenye intavyuu ndiyo maswali yenyewe hayo. Na wewe uliyemwambia apige kreki, yaani atumie programu iliyovunjwa leseni, siku mafaili ya ofisi yakifungwa na watu wakataka kulipwa, usitafute mchawi.

Mimi nimemwambia aweke Proxmox, nayo ya kuendesha VM. Ni ya Waaustria, msimbo wake (code) uko wazi, inatumia KVM, injini ya kuendesha VM ambayo iko ndani ya Linux tangu 2007, klasta (sava kadhaa zikifanya kazi pamoja) unatengeneza bila kuomba ruhusa kwa mtu, kero ni kale kaujumbe ka kukukumbusha huna sabskripsheni kila ukiingia. Matangazo ya kazi hapa Dar bado yanaandika VMware, hilo siwezi kulikataa, na mtu akiniuliza kama Proxmox itampa ajira kesho nitajikuna kichwa. Ila ukishaelewa storeji na netiweki zinavyokaa chini ya VM, umeelewa.

Juzi kahamishia VM yake ya Windows kwenye Proxmox, ikagoma kuwaka kabisa. Kumbe Windows haikuwa na draiva za VirtIO, zinazoifanya ione diski ya kidhahania ya huko, ikabidi diski aiunganishe kwanza kama SATA, awashe, aweke draiva, ndiyo airudishe. Kaandika hatua zote kwa Kiswahili, na picha za skrini kaweka, kwenye grupu lile lile lililomcheka.

Sasa nyie wenye vyeti, ambao najua maofisini kwenu mmeshaanza kuihama VMware kimyakimya, mko wapi? Andikeni basi hata mistari kumi: VM gani ilikataa, bekapu mlizifanyaje, mfumo ulizimwa masaa mangapi na mkurugenzi alifoka kiasi gani. Nguvu tuliyokuwa tunaitoa bure kwa Broadcom bado tunayo. Dogo anauliza sasa hivi jinsi ya kuweka Ceph (storeji inayounganisha diski za mashine kadhaa) kwenye mashine tatu za mtumba, nami Ceph siijui vizuri, mwenye kuijua amjibu.