Fuß ya Stuttgart si Fuß ya Hamburg

Mswahili anayejifunza Kijerumani huambiwa mapema kwamba mguu wake una majina mawili: Bein ni kutoka nyonga kushuka chini, Fuß ni kutoka kifundo hadi vidoleni. Anakariri, anafaulu mtihani, anapangiwa kazi ya uuguzi Stuttgart, kusini mwa Ujerumani. Asubuhi mzee wa Kiswabia, mwenyeji wa huko, anamwambia „Mir tut der Fuß weh“ (Fuß inaniuma), na mkono ameuweka pajani.

Mzee hajakosea. Katika Kiswabia, Kibavaria na mazungumzo ya Austria, Fuß ni mguu mzima, sawasawa na mguu wetu. Kamusi ya Duden inaitambua maana hiyo kama matumizi ya kusini. Sauti nayo hubadilika: kwa Wabavaria na Waswabia ni Fuaß, wingi Fiaß, kwa Waswisi ni Fuess. Kaskazini, kama Hamburg, katika Kijerumani cha Chini, ni Foot, yenye t ya kale ambayo lahaja za kusini ziliigeuza kuwa s takriban kati ya karne ya 6 na ya 8. Nyuma zaidi, f yenyewe ilikuwa p, kama inavyosikika bado katika pes ya Kilatini na pous ya Kigiriki.

Wapo wanaodai kwamba watu wa kusini wameiharibu lugha. Hao waitazame Bein kwanza, maana asili yake ni mfupa. Ndiyo sababu mtulinga ni Schlüsselbein, muundi ni Schienbein, kifandugu ni Steißbein, na pembe ya ndovu ni Elfenbein. Kule Hallstatt, Austria, nyumba yenye mafuvu ya wafu yaliyochorwa maua huitwa Beinhaus. Neno la mfupa lilihamia kwenye mguu, na mfupa ukapewa jina Knochen. Kama hilo ni Kijerumani sanifu, basi Fuß inayofika nyongani haina kosa lolote.

Naona ni upungufu mkubwa kwamba madarasa ya lugha hayagusi jambo hili, hasa baada ya Kenya na Ujerumani kutia saini makubaliano ya ajira mjini Berlin, Septemba 2024. Hatari yake ni ya kweli. Bibi akisema Fuß yake imevimba, huenda anamaanisha shavu la mguu. Shavu lililovimba upande mmoja tu, lenye maumivu na joto, linaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa, na hiyo ni dharura. Ukiandika Fuß peke yake, daktari wa zamu ya jioni ataelewa unyayo, pengine aseme viatu vinambana.

Kwa hiyo uliza „Wo genau?“ (wapi hasa?), umwache aonyeshe kwa kidole. Kisha andika sehemu yenyewe: Zehen (vidole), Knöchel (kifundo), Wade (shavu la mguu), Knie (goti), Oberschenkel (paja) au Hüfte (nyonga), pamoja na rechts (kulia) au links (kushoto). Linganisha miguu yote miwili kabla ya kuandika. (Ukikuta Fuss kwenye karatasi kutoka Uswisi, si kosa la tahajia, huko hawatumii ß.)

Na usimsahihishe mgonjwa. Akisema Fuß, nawe mjibu Fuß. Kwenye faili andika Oberschenkel links.