SLA ya 99.5%: laini iko hewani ila mteja hasikii

Mkataba wetu wa intaneti ulikuwa unakaribia kuisha, na mimi na mhasibu wetu tukabishana kweli kweli. Sisi ni taasisi ndogo ya mikopo, makao makuu Dar, matawi Morogoro na Dodoma, na mtandao wote nashika mimi. Hoja yake ilikuwa hii: kwa nini tulipe hela yote hii kwa laini ya peke yetu yenye SLA, yaani ule mkataba ambao provaida anaahidi huduma itakuwa hewani asilimia kadhaa na ikishuka anakurudishia chochote, wakati faiba ya kawaida ya majumbani bei yake chee na spidi yake kubwa kuliko yetu? Nikamwomba siku chache nikapige hesabu. Nilivyomaliza ilibidi nimpe haki yake nusu, nusu nyingine nimebaki nayo mpaka leo.

Tuanze na hiyo asilimia maana ndo inayowavuta watu. Mkataba wetu ulisema 99.5% kwa mwezi. Ukiisoma haraka unaona kama mia kwa mia. Sasa mwezi wa siku 30 una masaa 720, nusu asilimia yake ni masaa 3 na dakika 36, hayo provaida anaruhusiwa kukatika bila kudaiwa hata senti. Na masaa 720 yanahesabiwa usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, wakati sisi tunafungua masaa 9 kwa siku, siku kama 26 kwa mwezi, ambayo ni masaa 234. Yale masaa 3 na nusu yakiangukia yote saa za kazi, kwetu sisi hiyo ni kama 98.5%, na yeye bado yuko ndani ya ahadi yake. Hapo bado hatujatoa vitu visivyohesabiwa: matengenezo yaliyotangazwa, umeme wa upande wa mteja, na majanga yaliyo nje ya uwezo wake. Halafu saa inaanza kuhesabiwa pale unapofungua tiketi, yaani unapowapa taarifa rasmi ya tatizo, sio pale laini ilipokufa. Kama imekufa saa 9 usiku na umeijua saa 2 asubuhi, yale masaa matano yamekwenda bure.

Ila kilichoniuma mimi zaidi sio kukatika.

Simu zetu za kukumbushia marejesho zinapita kwenye intaneti. Kuna kipindi kila siku kuanzia saa 4 asubuhi yule dada wa marejesho alikuwa anahangaika, kabana spika za masikioni kwa mikono miwili, anarudia "Mama, unanisikia? Halo? Mama unanisikia?", upande wa pili sauti inakuja vipande vipande, mwishoni anakata, anachukua simu yake mwenyewe ya mkononi anapiga kwa vocha yake. Kwa vocha yake! Mimi napiga kwa provaida, kijana wa sapoti ananijibu kwa adabu kabisa, "Laini yenu iko hewani bosi, tunaiona hapa." Na alikuwa anasema kweli. Ilikuwa hewani. Nikipingi, yaani nikituma ujumbe mdogo wa kuuliza kama upo, inajibu, ila katika kila paketi 100, vile vipande vidogo ambavyo data inakatwa ili isafiri, zinapotea 4 au 5, na zinazofika zinafika kwa vipindi visivyolingana, moja baada ya milisekunde 20, inayofuata baada ya 110. Barua pepe haijali hayo, ikipotea paketi inatumwa tena na wewe hujui kama kuna kitu kimetokea. Sauti haina muda wa kusubiri paketi itumwe tena. Shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, kwenye mwongozo wao wa G.114 wanataka sauti itumie si zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili watu waongee vizuri, na mafundi wengi wanataka upotevu wa paketi usizidi 1%. Mkataba wetu kwenye hayo yote ulikuwa kimya. Uliahidi laini kuwepo, haukuahidi laini kufaa.

Sasa hapa lazima niwe mkweli, maana watu wengi wa mtandao tunakimbilia kumlaumu provaida kabla hatujaangalia ndani. Nilipoanza kupima rauta yetu wenyewe nikakuta kila siku saa 4 kamili asubuhi laini ya kutuma inajaa mpaka juu. Bekapu ya kompyuta zote ilikuwa inakwenda nje muda huo huo. Aliyeiseti alitaka iende saa 4 usiku, akaandika 10:00 badala ya 22:00. Basi. Nikairudisha usiku, nikaweka na foleni kwenye rauta ili paketi za sauti zipite kwanza hata laini ikijaa, na kama nusu ya malalamiko yakaisha siku hiyo hiyo bila kumlipa mtu yeyote shilingi. SLA ya bei yoyote ile isingetibu hilo, maana tatizo lilikuwa kwenye geti letu.

Nusu iliyobaki ilikuwa ya provaida. Nikaacha programu ya mtr, inayopima kila rauta ambayo paketi inapitia njiani, ikipima mchana kutwa kwa siku kumi, na kila kati ya saa 5 na saa 8 paketi zilikuwa zinapotea kuanzia hatua ya pili ndani ya mtandao wao na upotevu unaendelea mpaka mwisho wa safari. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu rauta ya katikati ikionyesha upotevu peke yake haina maana kubwa, nyingi zinajibu pingi kwa uvivu makusudi. Nikawatumia grafu za siku kumi. Baada ya hapo majibu yakabadilika, tiketi ikapanda kwa injinia, wakatuhamishia kwenye njia nyingine.

Tumgeukie na provaida maana na yeye ana hoja, na ni nzito. Anaahidi kitu ambacho sehemu kubwa hakimilikii. Faiba inapita kwenye hifadhi ya barabara, anakuja mkandarasi na kijiko anachimba mtaro, imekwenda. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili upande wa Afrika Kusini, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Aliyekuwa amenunua uwezo kwenye zote mbili alijiona ana akiba, kumbe zote zinapita jirani, zimekwenda siku moja. Utamdai nini? Kuna mambo mengine hata hela haiyabadilishi: mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita laki 2 kwa sekunde, kutoka Dar mpaka London kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 7,500, kwa hiyo kwenda na kurudi ukiweka seva yako kule huwezi kushuka chini ya milisekunde 75, na waya halisi unazunguka zaidi ya hapo. Na ile alama ya kipaumbele tunayobandika kwenye paketi za sauti, ile ya EF namba 46, inaheshimiwa ndani ya mtandao wako na ndani ya laini za MPLS ulizolipia, zile za ndani ya mtandao wa provaida zinazounganisha ofisi zako, lakini ikishatoka kwenye intaneti ya wazi hakuna anayelazimika kuiangalia. Provaida anayekuahidi ubora wa sauti mpaka mwisho wa dunia anakudanganya, afadhali anayekataa.

Basi SLA ya kazi gani? Kama unaitafuta kwa ajili ya fidia, mhasibu ana haki kabisa. Tuseme unalipa laki 9 kwa mwezi na mkataba unasema ikishuka chini ya 99% unarudishiwa 10%. Wakikata masaa 9, umeshuka mpaka 98.75%, unapata elfu 90, tena sio hela mkononi, inapunguzwa kwenye bili ijayo, na wetu ulitaka uiombe kwa maandishi ndani ya siku 30. Marejesho ya siku moja yasiyokusanywa yanazidi hapo mara nyingi.

Thamani yake mimi nimeiona sehemu mbili. Ya kwanza ni foleni ya matengenezo: faiba ikikatika mtaa mzima, mwenye mkataba wa kurekebishiwa ndani ya masaa manne anafuatwa kwanza, wa majumbani anasubiri. Hapo angalia neno, kuna mikataba inayoahidi masaa manne ya kukujibu na sio ya kurekebisha, na kujibiwa "tumepokea" haikurudishii huduma. Ya pili ni laini kati ya tawi na makao makuu. Pale provaida anashika ncha zote mbili, paketi haitoki nje ya nyumba yake, kwa hiyo anaweza kuahidi upotevu na ucheleweshaji na ukampima na akawajibika. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, wanazo kanuni za ubora wa huduma za 2018, ila ubora wa laini ya ofisi yako wewe unaishi kwenye karatasi uliyosaini.

Kwa intaneti yenyewe nimekubaliana na mhasibu: laini mbili za bei nafuu zinashinda moja ya gharama, ilimradi ziwe mbili kweli. Laini mbili za kampuni mbili zinazopita kwenye nguzo moja ni laini moja. Uliza njia, tembea kwa miguu uangalie nguzo kama ikibidi. Na zote mbili ziwekee betri, maana kile kiboksi cha faiba kikizima umeme ukikatika hakuna mkataba utakaokuwasha. Mwenye stationery anayeprinti na kutuma fomu hahitaji hata haya, faiba ya kawaida na bando kwenye simu yanamtosha kabisa.

Tumefanya hivi. Laini za Morogoro na Dodoma tumebaki nazo kwenye SLA, Dar tumeweka faiba mbili za kawaida, moja inaingilia mbele ya jengo na nyingine nyuma. Kwenye mkataba mpya tukaomba vipengele vitatu: upimaji wa saa 2 asubuhi mpaka 11 jioni peke yake, upotevu wa paketi usizidi 1%, na grafu zetu zikubalike kama ushahidi. Cha kwanza wamekataa. Viwili vya mwisho wamekubali, tumesaini miezi 12. Mhasibu kaniambia kila tarehe moja anataka hiyo grafu mezani kwake kabla hajalipa bili, na ya mwezi wa kwanza nimeshampelekea.