Polisi Walio Nairobi na Polisi wa Nairobi

Mwaka jana nilipoteza kitambulisho ndani ya matatu, mahali fulani kati ya Ngara na Pangani, nikaenda kupiga ripoti katika kituo cha polisi kilichokuwa karibu na kazini. Juu ya kaunta palikuwa na kile kitabu kikubwa cha matukio ambacho sote tunakiita OB, kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula, na kalamu imefungwa kwa uzi isije ikaondoka na mtu. Konstebo aliyekuwa zamu alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia: "Sasa mzee, gari lilikuwa limefika wapi kitambulisho kikianguka?" Nikamjibu, "Afande, ningejua hapo si ningekiokota?" Alicheka, lakini hakuandika kitu. Akanielekeza kituo kingine, kwa kuwa upande ule haukuwa wao, na huko nilikoelekezwa nikaambiwa nirudi nilikotoka.

Simlaumu yule konstebo. Mpaka uliomzuia hakuuchora yeye, na kama angeuvuka angeulizwa na mkubwa wake, si na mimi. Hilo la nani humuuliza askari ndilo linalonishughulisha leo, kwa sababu nikiitazama historia ya polisi wa jiji hili naona jambo moja likijirudia tangu siku za reli: Nairobi imekuwa na polisi kila wakati, ila haijawahi kuwa na polisi wanaowajibika kwake.

Reli ilifika hapa mwaka 1899, wakati mahali penyewe ni kinamasi na mto, na pamoja na reli walikuja walinzi wa mali ya reli. Mombasa tayari palikuwa na askari wa Kampuni ya Imperial British East Africa waliolinda maghala yake, na vikosi vidogo vilivyofuata, pamoja na vile vya Nairobi na Kisumu, viliunganishwa mwaka 1902 kuwa polisi wa himaya. Sheria ya kuwatambua rasmi ilipitishwa mwaka 1906, chuo cha mafunzo kikafunguliwa papa hapa Nairobi mwaka 1911, na koloni lilipotangazwa mwaka 1920 wakaitwa Polisi wa Kenya. Ukiyasoma hayo kwa haraka utadhani ni hatua za kawaida za taasisi inayokua. Lakini ghala lilipata mlinzi kabla ya mkazi kumpata, na mkazi alipokuja kukumbukwa, alikumbukwa kama mtu ambaye mali ilipaswa kulindwa dhidi yake.

Mwingereza alikuwa na mifano miwili ya polisi. Mmoja ni wa London, ulioanzishwa na Robert Peel mwaka 1829, wa askari wanaotembea mitaani bila bunduki. Mwingine ni wa Ireland, wa askari wenye silaha wanaolala kambini na kupokea amri kutoka makao makuu. Makoloni yalipewa ule wa Ireland. Ndiyo maana hadi leo karibu na vituo vyetu vikubwa utaziona laini za polisi, zile nyumba zilizopangwa safu nyuma ya ua. Nilisoma shule ya msingi na mtoto aliyelelewa laini. Familia yao na familia nyingine waligawana nyumba moja kwa pazia, na usiku, aliniambia, watoto wa pande zote mbili walikatazwa kukohoa kwa sauti baba wa upande wa pili akiwa ametoka zamu ya usiku. Askari anayeishi hivyo, tena akiwa ametumwa mbali na kwao kwa desturi ambayo nayo ni ya kikoloni, ni vigumu kumtarajia awe jirani wa mtu.

Kazi yake ya kila siku katika mji wa zamani ilikuwa kusimamisha watu. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri akalazimika kutembea na kipande chenye alama za vidole vyake. Aliyekutwa mjini bila kipande, au bila mwajiri, alikuwa na kesi. Nairobi ilijengwa kwa dhana kwamba Mwafrika ni mpita njia anayekuja kufanya kazi na kurudi kwao, na polisi ndiye aliyekuwa na jukumu la kumkumbusha hilo kila alipojisahau.

Machi 1922 dhana hiyo ilimwaga damu. Harry Thuku, aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika Hazina na kuongoza upinzani dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara, alikamatwa tarehe 14 na kuzuiliwa katika kituo cha polisi cha mjini. Umati ulikusanyika nje kudai aachiliwe. Tarehe 16, baada ya wazee waliokwenda kuzungumza na serikali kurudi mikono mitupu, Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume kwa woga wao na kuusukuma umati mbele. Polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21, na wengine walisema walikuwa wengi zaidi. Walowezi waliokuwa barazani kwenye hoteli ya Norfolk, ng'ambo tu, wanatajwa kuwa nao walifyatua. Leo barabara inayopita mbele ya hoteli hiyo inaitwa Harry Thuku, na ukishuka nayo hadi Barabara ya Chuo Kikuu, kituo kikuu cha polisi cha Central kipo hapo hapo. Juni 2025 watu walikusanyika tena mjini kuuliza habari za Albert Ojwang, aliyetiwa seli ya Central akiwa hai na kufia mikononi mwa polisi. Sisemi ya 1922 na ya 2025 ni mambo yaleyale. Nasema waliouliza walikuwa wakazi, na hawakuwa na mlango wa kuulizia isipokuwa barabara.

Kwenye miaka ya hali ya hatari, ya vita vya Mau Mau, sikawii, kwani imeandikwa vya kutosha: Operesheni Anvil ya Aprili 1954, chini ya Jenerali Erskine, ilitumia wanajeshi na polisi wapatao 25,000 kuuzingira mji na kuwachuja wakazi wake mmoja mmoja, na maelfu kwa maelfu wakaishia kambini. Kinachonivutia zaidi ni kilichotokea bendera ilipobadilika. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa na mpango wa vikosi vya polisi vya majimbo, yaani askari wa mahali kuwa na uhusiano na mahali. Mpango huo haukupewa hata nafasi ya kushindwa. Majimbo yalivunjwa mwaka uliofuata, Bernard Hinga akawa kamishna wa kwanza Mwafrika, na ngazi ileile iliyojengwa ili London iidhibiti Nairobi ikabaki wima, isipokuwa juu yake sasa aliketi mwenzetu. Hata sheria ya uzururaji, ndugu wa kipande, ilidumu hadi mwaka 1997.

Ilibidi tuone maafa ya baada ya uchaguzi, ya mwanzoni mwa 2008, ndipo tuulize upya. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, 405 kati yao kwa risasi, na kikosi kazi cha Jaji Ransley kikafuata na mapendekezo yake mengi. Katiba ya 2010 ikatupa Huduma ya Taifa ya Polisi: Inspekta Jenerali mmoja, wa muhula mmoja wa miaka minne, naibu wake wa Polisi wa Kenya na naibu wa Polisi wa Utawala, na idara ya upelelezi yenye mkurugenzi wake. Mwaka 2018 Polisi wa Utawala wengi wakahamishiwa upande wa Polisi wa Kenya, sare ikawa ya bluu, na askari wakaambiwa watapewa marupurupu ya nyumba wakapange mitaani kama watu wengine. Hilo la mwisho nililishangilia, nikidhani pazia la rafiki yangu limeshushwa. Kodi ya nyumba za Nairobi ilikuwa na maoni tofauti, na wengi walijikuta wakitafuta vyumba kulekule wanakofanya misako.

Hebu basi tuifuate ngazi yenyewe kutoka chini. Konstebo wa kaunta humjibu OCS, yaani mkuu wa kituo, OCS humjibu kamanda wa kaunti ndogo, naye kamanda wa eneo la Nairobi, na kutoka hapo ni makao makuu. Kila kipandio kinatazama juu. Mkazi akilalamika anakwenda IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ambayo huchunguza mtu akishaumia, na ni chombo chema ninachokiunga mkono. Lakini anayetaka kujua kwa nini doria haipiti mtaa wa Huruma saa kumi na moja alfajiri, wakati kina mama wanatoka kwenda kununua mboga Marikiti, hana pa kuuliza. Gavana naye hana, kwa sababu katiba imeiweka kazi ya polisi mikononi mwa serikali ya kitaifa.

Askari ambao jiji linawamiliki ni kanjo. Warithi wa baraza la mji la zamani, kazi yao ni sheria ndogo za kaunti: leseni, maegesho, usafi, na uchuuzi. Nimewaona pale Muthurwa wakishuka kwenye gari bila sare, karai la ndizi likapinduka, na mwenye ndizi akabaki ameshika kitambaa alichokuwa amezifunikia. Mtu akiniambia kwamba Nairobi ipewe polisi wake kamili, huwa nakumbuka lile karai. Gavana mwenye bunduki si tiba ya makao makuu yenye bunduki, na katika hili nakubaliana na wanaoogopa.

Lakini si lazima jiji limiliki polisi ndipo liwaulize. London yenyewe, inayosifiwa sana, iliwaacha polisi wake chini ya waziri wa serikali kuu kwa zaidi ya miaka 170, na ni mwaka 2000 tu ndipo chombo cha jiji kilipopewa usimamizi, kabla ya meya kuukabidhiwa mwaka 2012. Sisi hatuhitaji kusubiri muda wote huo, maana sheria tunayo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 kinaunda mamlaka ya usimamizi wa polisi katika kila kaunti, mwenyekiti akiwa gavana au mjumbe wake, wakiwemo wakuu wa polisi wa kaunti, wawakilishi wa bunge la kaunti na wananchi wa kawaida. Haina bunduki wala haimwamuru mtu. Kazi yake ni kuweka malengo, kufuatilia bajeti na kupokea ripoti. Nimeishi Nairobi miaka yote tangu sheria hiyo ipite, na sijapata kumsikia jirani akisema amehudhuria kikao cha mamlaka hiyo au kupeleka jambo mbele yake.

Siku itakapokaa, nitapeleka ombi dogo kabla ya yale makubwa ya risasi na seli: kwamba ripoti iandikwe katika kituo chochote mtu anapofika, halafu polisi wenyewe waamue usiku, baina yao, upande ule ni wa nani. Na kamanda wa eneo la Nairobi aketi pale na kueleza, kwa Kiswahili cha kaunta, kama ombi hilo linawezekana au la, huku mkazi aliyeuliza akiwa chumbani.