Msanii Asiondoke na Tamasha

Nimeishi Wales kwa miaka kumi na mmoja sasa, na jambo ninalozitamania zaidi shule za kwetu Kenya si majengo wala vifaa vya huku, bali jinsi msanii anavyoingia shuleni na kazi yake ikabaki.

Tusijidharau lakini. Tamasha letu la kitaifa la muziki lilianza mwaka wa 1927 na lile la drama mwaka wa 1959, na yote mawili huwapandisha jukwaani watoto wengi sana. Kasoro yetu ni kwamba uhusiano wa shule na msanii huanza kwa tamasha na kuishia hapo hapo. Nilipokuwa kidato cha pili, shule yetu ilimwita mpiga ngoma mmoja hodari mwezi wa Januari. Kila jioni baada ya masomo alitushika viganja na kutuonyesha kwamba mlio mzito hutoka katikati ya ngozi na mwepesi hutoka ukingoni, na mpaka leo vidole vyangu havijasahau. Tuliposhindwa katika kiwango cha mkoa hakuitwa tena, malipo yake ya mwisho yalicheleweshwa kwa kuwa kombe halikuja, na ngoma zikafungiwa stoo hadi Januari iliyofuata, tulipozikuta ngozi zimetafunwa na panya.

Huku upo mpango ulioanzishwa mwaka wa 2015 na Baraza la Sanaa la Wales kwa kushirikiana na serikali, ambao shule huuanza kwa tatizo lake yenyewe, kwa mfano kwamba wavulana wa darasa fulani hawapendi kuandika. Mtu mwenye uzoefu wa kazi za sanaa huketi na mwalimu na wanafunzi kulichambua tatizo hilo, na ndipo msanii anayefaa hutafutwa. Katika darasa la binti yangu, watoto wenyewe walishiriki kuwahoji walioomba kazi. Aliyechaguliwa alikuwa mfinyanzi, naye hakuachiwa darasa peke yake hata siku moja: yeye na mwalimu walifundisha hesabu bega kwa bega, watoto wakijaza maji katika vyungu walivyovifinyanga na kupima ujazo wake. Mfinyanzi alipomaliza muda wake, mwalimu aliendelea na udongo mwaka uliofuata, kwa sababu ujuzi ulikuwa umekwisha kumwingia.

Wanaosema wenzetu wanaweza kwa sababu wana fedha wana haki kidogo tu. Hapo jirani, England, mpango wa Creative Partnerships, uliowapeleka wasanii mashuleni kufanya kazi na walimu na ulioanza mwaka wa 2002, ulikoma mwaka wa 2011 ruzuku ilipokatwa. Ruzuku hukatika popote. Ujuzi aliokwisha kuupata mwalimu haukatwi.

Mtaala wetu wa umilisi umeipa sanaa nafasi ambayo sisi hatukuipata, hadi wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaweza kuufuata mkondo wa sanaa na michezo. Hata hivyo, hakuna mwalimu mmoja awezaye kujua ngoma, uchoraji na ususi kwa pamoja. Najua kwamba sheria inamtaka kila mwalimu awe amesajiliwa na tume ya walimu, na kwamba baadhi ya wakuu wa shule huogopa lawama, lakini msanii anayefanya kazi ubavuni mwa mwalimu hachukui nafasi yake.

Sisi wahitimu tulio ng'ambo huombwa kila mwaka tuchangie mavazi ya tamasha na nauli ya basi. Safari hii nimemwandikia mwalimu mkuu kwamba mchango wangu umlipe msanii mmoja kwa mihula mitatu, apewe haki yake kila mwisho wa muhula, kombe lije lisije, na vipindi vyake viandikwe kwenye ratiba pamoja na jina la mwalimu atakayekuwa naye. Nimeomba pia ngoma zitolewe stoo.