Msimwage dawa juu ya visima vyetu kwa sababu ya ndago

Jumamosi nilimkuta kijana na bomba la dawa mgongoni, ananyunyizia nyasi za ua wa nyumba tunazopanga hapa Malindi. Miguuni ana ndara, mikono mitupu, na leso amejifunga puani. Hatua chache kutoka pale kuna kisima tunachotekea maji sote. Ukutani, mama wa nyumba ya pili alikuwa ameshachuma mchicha na mchunga wa chakula cha jioni, na hakuna aliyemwambia neno. Nikamuuliza kijana anapiga nini. "Dawa ya ndago, ami. Wageni waja Disemba." Ndago ni lile gugu sugu la uani linalofanana na nyasi. Msimamizi alipofika akaniambia nisiwe na shaka, dawa ikikauka imekwisha.

Imekwisha, imekwenda wapi? Kila aliyewahi kuchimba shimo la choo mji huu anajua chini ya miguu yetu kuna nini. Ni mchanga, halafu jiwe la matumbawe lenye matundu tele. Ukimwaga ndoo ya maji, kabla hujainua kichwa yameshazama. Dawa ya magugu inayouzwa zaidi madukani ni glaifoseti, na sifa yake kubwa, ile wanayoitumia wauzaji kututuliza, ni kwamba hushikwa na udongo isiende mbali. Ni kweli hushikwa, na udongo wa mfinyanzi wenye chuma na mboji. Mchanga wetu mweupe una kitu gani cha kuishika? Mvua ya vuli ikinyesha usiku ule ule, kile ambacho hakijaingia kwenye majani kinashuka na maji.

Na chini kule ndiko tunakokunywa. Maji matamu ya pwani hii ni tabaka tu, yameelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Wenzetu wa Lamu wanalijua hili vizuri kutushinda, kwa sababu mji wao unakunywa maji ya visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na kila mara mtu anapotaka kujenga juu ya vile vilima watu husimama kidete. Sisi Malindi visima vyetu vimo ndani ya nyua zetu wenyewe, katikati ya nyasi, na hatuoni tabu kupitisha bomba la sumu pembeni mwake ili picha za wageni zitoke vizuri.

Najua nitajibiwa nini: kwamba dawa ni salama. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, likasema halioni hatari hiyo ikiwa dawa itatumika kama kibandiko kinavyoagiza. Haya, tuseme EPA wako sawa. Kibandiko chenyewe kinaagiza nini? Glavu, viatu vya kufunika mguu, watu na mifugo wakae mbali, usipige karibu na maji. Kijana yule alikuwa na ndara na leso. Kwa hiyo hata wanaoitetea hii dawa hawatetei kilichofanyika uani kwetu.

Lakini kinachonichoma zaidi ni kwamba dawa yenyewe haimalizi ndago.

Ichimbue ndago moja tu uitazame. Shina lake lina pembe tatu, ukilizungusha vidoleni unazihisi. Ukifuata shina chini utakuta kijiazi cheusi cheusi kidogo kuliko kokwa ya tende, na kutoka hapo uzi mwembamba mgumu unaokwenda kwenye kijiazi cha pili, kisha cha tatu, vimefuatana kama tasbihi. Kipasue kimoja kwa ukucha: ndani ni cheupe na kinanukia, na ni mafuta ya hivi hivi vijiazi ambayo wenzetu wa India hutilia manukato. Kila kimoja kati ya hivyo ni mmea unaosubiri zamu yake. Kile cha mbele kikiwa hai, vya nyuma husinzia. Ukikata uzi, vyote huamka. Ndiyo maana mtu anayelima ua wake kwa jembe la kawaida, akazikatakata ndago vipande vipande, huona baada ya wiki mbili zimezidi.

Sasa fikiria dawa. Glaifoseti huingilia kwenye jani ikashuka chini. Kijiazi kilicholala kisicho na jani juu yake mara nyingi hakifi, na vingi havina jani wakati wowote unaopiga. Unaua kilichochomoza, wenzake waliolala wanachipua mvua ikinyesha. Na kwa kuwa dawa hii haichagui, imeua na ukoka uliokuwa pale. Hapo umefanya nini? Umeitengenezea ndago uwanja mtupu, jua limejaa, hakuna wa kushindana naye. Ndago huchukia kivuli kuliko inavyochukia dawa. Hutoboa hata plastiki ukiitandika, lakini chini ya nyasi nzito hudhoofika. Ukiua nyasi umeua askari wako wa pekee, na mwezi ujao unamwita tena mwenye bomba umlipe. Wanasayansi wa magugu walishaiita ndago gugu baya kupita yote duniani, na halikupewa jina hilo kwa sababu watu walikosa dawa.

Na ndago tunaileta wenyewe. Mtu akijenga hapa, jambo la kwanza ni kuagiza lori la udongo mwekundu kutoka upande wa Magarini aufunike mchanga, kwa imani kwamba mchanga haufai. Nimesimama kwenye rundo la udongo uliomwagwa barabarani nikaokota vijiazi mle ndani kwa mkono, wazi kabisa, bila kuchimba. Mwenye nyumba analipia udongo, analipia usafiri, halafu analipia dawa ya kuua alichonunua. Kabla lori halijamwaga, panda juu uchambue udongo kwa mkono. Ukiona vijiazi, lirudishe.

Samadi mbichi ya mbuzi ni vivyo hivyo, imejaa mbegu. Irundike, inyweshe, ipate moto ndani, igeuze, ndipo uitumie.

Mzee mmoja Mgiriama aliyetunza bustani za watu miaka mingi ndiye aliyenionyesha namna ya kuitoa ndago, na mpaka leo sijaona njia inayoizidi. Usiku unamwagia maji mahali unapotaka kuchimba. Asubuhi unaingiza jembe la meno, si jembe la bapa, kwa sababu meno hayakati nyuzi. Unaliingiza wima, chini kabisa, sentimita ishirini na zaidi ukiweza, unainua taratibu. Hapa ndipo mchanga wetu, huu tunaoudharau, unapotufaa: unadondoka wenyewe, na mkono unabaki umeshika mnyororo mzima wa vijiazi bila kukatika. Mwenye shamba la mfinyanzi hawezi kupata raha hiyo. "Taratibu, mwanangu," aliniambia nilipovuta kwa nguvu, "uzi ukikatika umempa mwenzake ruhusa." Kilichobaki unakipitisha kwenye chekeche ya mchanga, ile ile ya mafundi wa ujenzi. Vijiazi unavianika juu ya saruji, jua la kaskazi livikaushe mpaka vigonge kama changarawe. Usivitupe kwenye rundo la mboji, vitaota humo.

Halafu unarudi, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Vitachipua vilivyobaki, na kila chipukizi ling'olewe kabla halijatimiza wiki tatu, kwa kuwa baada ya hapo linaanza kutengeneza vijiazi vipya. Ukiliwahi, kijiazi kimetumia akiba yake bure. Msimu mmoja hautoshi. Ila kila msimu unaona tofauti kwa macho, jambo ambalo mwenye bomba hawezi kukuahidi.

Sehemu uliyochimba usiiache tupu hata wiki. Panda ukoka, vipandikizi vyenye mizizi, karibu karibu, masika yanapoanza. Ukoka ni wa kwetu, unatambaa, unastahimili jua na kukanyagwa, punda wanaula na unarudi. Kisima chako kikiwa cha maji ya chumvi, nyasi iitwayo paspalamu inavumilia chumvi vizuri kuuzidi ukoka. Ile nyasi ya Kikuyu wanayoipenda watu wanaohamia kutoka bara ni ya nyanda za juu za baridi, na hapa itakupa mapengo ambayo magugu yatayajaza.

Kisha kuna mambo mawili ambayo nyua nyingi za mji huu zinakosea, na yote mawili yanafanywa kwa nia njema. La kwanza ni kukata nyasi mpaka kwenye ngozi. Mwenye nyumba anataka ionekane kama zulia, fundi anashusha mashine chini kabisa, na baada ya siku mbili unaona mchanga kati ya majani. Mchanga ukionekana, jua limefika chini, na mbegu zote zilizokuwa zinangoja zimepata mwanga. Acha ukoka sentimita nne, tano, na usikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja. La pili ni kumwagia maji kidogo kidogo kila jioni kwa mpira. Maji hayo hayashuki, yanabaki juu, mizizi ya nyasi nayo inabaki juu, na ndago iliyo karibu inakunywa bila shida. Mwagia mara chache, lakini mengi yashuke. Najua mchanga haushiki maji, na hilo ni tatizo la kweli. Dawa yake wazee wetu walikuwa nayo: kila anayepanda mnazi huku anafukia makumbi shimoni yashike unyevu. Makumbi yaliyosagwa au kuoza, yakichanganywa na mboji ya majani ya mkorosho, yafanye kazi hiyo hiyo chini ya nyasi kabla ya kupanda.

Nyasi zikigeuka manjano huku mishipa ya jani imebaki kijani, usikimbilie kuongeza mbolea ya chumvichumvi. Matumbawe yana chokaa, na chokaa hufunga chuma kisiingie kwenye mizizi. Ukiongeza urea, magugu ndiyo yatakayoshiba kwanza. Chuma kikipulizwa kwenye majani husaidia, na mboji husaidia zaidi.

Mbigiri ing'olewe kabla haijatoa maua, ina mzizi mmoja tu, inatoka kirahisi, na watoto watakimbia pekupeku bila kulia. Tako la hasani, lile gugu la majani manene linalotambaa, likivutwa liondolewe uani kabisa, maana kipande kilichoachwa juu ya mchanga mbichi kinashika mizizi tena. Chumvi ya kumwaga kwenye magugu mimi naikataa kabisa, kisima chenye chumvi tayari hakihitaji nyongeza.

Mchicha na mchunga ulioota ukutani sijui kwa nini unaitwa gugu. Kuna nyumba zinazotegemea mboga hiyo mwisho wa mwezi.

Mwenye hoteli yenye ekari za nyasi ataniambia kuchimba kwa mkono hakuwezekani, na sina jibu zuri la kumpa kwa ekari zote. Lakini nyua zetu nyingi ni za hatua chache, na vijana wa kuchimba wapo, wanatafuta kazi. Fedha ya dawa na bomba wapewe wao.

Kwa wasimamizi na wenye nyumba naomba haya yaandikwe kwenye makubaliano na fundi wa bustani. Kwanza, hakuna dawa ua wenye kisima. Pili, mahali ambapo mmeamua lazima ipigwe, fundi apewe glavu na mabuti na mwajiri, si aje na vyake, na wapangaji waambiwe siku moja kabla ili mtu asichume mboga pale. Tatu, lori la udongo lisimwagwe kabla halijakaguliwa.

Jirani anayetaka kuanza na hana jembe la meno, langu lipo, aje alichukue. Akija alfajiri kabla ya jua kali nitafuatana naye tukachimbe.